Sakafu ya Waridi

Mtaa mzima wa Cibitoke hakuna aliyemwamini Tajudini, na mwenyewe hakumlaumu mtu. Mzee anayesimulia, mbele ya watu wazima wenye akili zao, kwamba aliwahi kulitoa lori la saruji Uvira akalifikisha Bujumbura bila injini, kwa mteremko tu, hawezi kudai aaminiwe. Barabara ile ni bapa kama meza. Walipomuuliza huo mteremko aliupata wapi, alijibu kwamba siku ile ulikuwepo, wameuondoa baadaye.

Basi alipotangaza kwamba anamjengea mke wake karakana ya kushonea yenye sakafu ya moto, watu waliiweka habari hiyo pale pale walipoliweka lori. Sakafu ya moto, Bujumbura, ambako saa sita mchana mbuzi hujipanga mstari kwenye kivuli cha nguzo ya umeme. Odette, mama wa Kikongo aliyeuza ndagala kavu, vile visamaki vidogo vya ziwani, mbele ya lango lao, alimuuliza bila kuinua macho kwenye beseni lake:

"Papa Taju, sasa ule moto ni wa kupika nani?"

"Ni wa miguu ya Mama Sumaya."

Odette akarudi kuchambua ndagala zake. Habari ya miguu ya Mama Sumaya haikuwa ya kuchekwa.

Mama Sumaya ndiye Waridi, mke wa Tajudini; jina la Sumaya ni la binti yao aliyeolewa Rumonge. Zamani walikaa Gatumba, karibu na mpaka, na Waridi alikuwa fundi wa nguo anayetafutwa mpaka ng'ambo. Kisha ukaja mwaka ambao mto Rusizi ulisahau njia yake, maji yakaingia nyumbani yakakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Tajudini alipanda juu ya meza na msahafu kifuani. Waridi hakupanda. Alibaki chini, maji yakimfika juu ya magoti, kichwa cha cherehani kikiwa begani, kuanzia alasiri mpaka asubuhi mtumbwi ulipopita kuwachukua. Tajudini anapoyasimulia hayo huongeza kwamba kiboko alipita kwenye korido akatoa salamu, nao wakamjibu. Waridi hamkatalii. Huyo kiboko ndiye kitu pekee katika ile habari kinachoweza kumfanya mtu atabasamu.

Walihamia Cibitoke, kwenye nyumba aliyoiacha marehemu kaka yake Tajudini. Cherehani ilipona. Miguu haikupona.

"Miguu yangu imebaki kule," Waridi alisema. "Mi niko hapa, yenyewe bado imesimama kwenye maji."

Ilikuwa baridi muda wote, baridi ya ndani, hata jua lilipokuwa limekalia paa. Na alipokaa kwenye cherehani hakujua kama amekanyaga pedali au hajakanyaga. Mashine ilikimbia peke yake, au ilikufa katikati ya mshono. Kola zilitoka zimepinda, pindo zikapanda na kushuka kama mawimbi. Wateja hawakulalamika, waliacha tu kuleta vitambaa, kwa adabu, mmoja baada ya mwingine. Siku moja Waridi aliifunika cherehani kwa kanga, akaisukuma mpaka ukutani, akaenda kukaa kizingitini na mikono yake tupu mapajani. Tajudini aliitazama ile kanga na umbo lililokuwa chini yake, akaona kama maiti iliyofunikwa. Alikuwa ameishi na mlio wa ile mashine tangu harusi yao. Aliogopa kwamba mwanamke aliyefunika cherehani, kitu kinachofuata kufunikwa ni mwenyewe.

Walikwenda kwenye dispansari. Muuguzi, binti mwenye sauti ya upole, alimchoma Waridi kidole, akatazama kile kimashine chake, akasema:

"Mama, hii ni sukari. Sukari inakula mishipa ya miguu. Baridi unayoisikia haipo, ni mishipa inakudanganya."

"Sukari haina baridi, binti yangu," alisema Tajudini, kofia ikiwa gotini. "Ingekuwa nayo tusingeiweka kwenye chai."

Muuguzi hakucheka. Waridi ndiye aliyecheka, kumsaidia mumewe. Walipewa vidonge na maelezo, na njiani Tajudini alieleza kwa kirefu kwa nini watoto wa siku hizi hawajui ugonjwa wa maji ya mto. Vidonge vilimezwa vikaisha, vikatafutwa tena siku vilipokumbukwa. Na kila asubuhi mzee aliendelea kumkorogea mkewe chai mwenyewe, tamu ya kukwaruza koo, kwa sababu mapenzi mengine hakuyajua.

Yeye alikuwa na maelezo yake. Mto uliingia kwa chini. Ardhi ya Cibitoke nayo ina maji chini, chimba kidogo tu utaona. Kwa hiyo baridi ile inalishwa kutoka ardhini kila siku, na kilichoingia kwa chini kitafukuzwa kwa chini.

Dawa yake alikuwa ameiona kwa macho, na hapa hakudanganya. Enzi za kazi, alipokuwa fundi wa magari, aliitwa Ijenda, kule milimani ambako asubuhi watu huongea huku moshi ukiwatoka kinywani, kutengeneza jenereta ya masista. Sista mmoja mzungu, Ingrid, alimwonyesha nyumba ya vifaranga. Hapakuwa na taa wala jiko. Vifaranga walikuwa wamelala chali kama walevi juu ya saruji tupu. "Gusa," akamwambia. Akagusa. Sakafu ilikuwa na joto la mwili wa mtu. Ndani ya zege mlipita tiyo, bomba jembamba la maji, na ndani ya tiyo mlizunguka maji ya moto.

Petroli ilipoadimika na magari yakalala kwenye foleni, hata zile kazi ndogo ndogo za kustaafu zilikatika. Tajudini alikuwa anashinda uani juu ya kiti alichokitoa kwenye gari bovu, akitazama ukuta. Siku alipoinuka kwenye kile kiti akaenda kutafuta chepe, Waridi alimwangalia kutoka kizingitini kwa muda mrefu. Alimwekea maji ya kunywa karibu.

Mwashi alikuwa Akilimali, mtu wa Uvira, mkono mzuri na mdomo mbaya. Alisawazisha ardhi pale uani, akaweka kokoto na mchanga, akasubiri amri ya kumwaga. Badala yake Tajudini alitandika shitingi, karatasi pana ya plastiki, kisha juu yake akaanza kupanga frigoliti, zile mbao nyeupe nyepesi zinazozungushiwa televisheni ndani ya katoni. Alikuwa amezizungukia madukani wiki nzima kama mtu anayekusanya sadaka.

"Papa Taju," alisema Akilimali, "mi niko mwashi tangu ujana. Nilishaona nyumba ya majani, nyumba ya mabati. Nyumba ya kulala juu ya karatasi ya televisheni, apana, sijaona."

"Joto ni kama deni la ndugu, likipata njia ya kukimbia linakimbia. Hizi zinalizuia lisiende ardhini."

"Na kama mvua itanyesha, nyumba itaelea."

"Ikielea nitakuuzia kama mtumbwi. Lete wavu."

Juu ya frigoliti wakalaza wavu wa chuma, na juu ya wavu Tajudini akaanza kulaza tiyo nyeusi ya plastiki, mkunjo mzima usio na kiungo. Hakuipeleka na kuirudisha kama mtu anayelima matuta. Aliizungusha kama nyumba ya konokono: inaingia mpaka katikati, halafu inageuka na kutoka ikipita ubavuni mwa ile iliyoingia, ili maji yaliyochoka yatembee jirani na maji yenye moto, na sakafu isiwe na kona ya baridi. Kila hatua aliifunga kwenye wavu kwa waya, akikata ncha na kuzikunja chini. Magoti yake yalilia. Katikati kabisa ya konokono aliweka alama kwa jiwe jeupe: hapo ndipo itakaposimama cherehani.

Waridi alikuja kutazama. Alipita juu ya wavu pekupeku, akiinua gauni, akaenda mpaka kwenye jiwe, akasimama.

"Hapa?"

"Hapo hapo. Utakuwa kama mfalme."

"Mfalme gani anashona?"

"Mfalme aliyeoa vizuri."

Akacheka, akarudi, akaenda zake jikoni. Odette ndiye aliyeona matone mekundu kwenye zile frigoliti nyeupe, moja hapa na moja pale, mpaka mlangoni.

"Mama Sumaya, unatoka damu."

Waridi aliinua mguu akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kipande cha waya kilikuwa kimeingia kwenye unyayo, kikatokeza kidogo. Hakuwa amesikia maumivu yoyote. Tajudini alikichomoa kwa koleo, akaosha, akafunga kitambaa, na kwa muda wote huo hakusimulia kitu chochote. Akilimali alikohoa akaenda kuangalia mchanga wake.

"Ni baridi," Tajudini alisema hatimaye. "Mguu wenye baridi haujui kitu. Hata kule Ijenda watu wanajikata wasijue."

"Ndiyo, baba Sumaya," alisema Waridi.

Kabla ya kumwaga zege aliazima kompresa kwa fundi wa matairi wa pale njia panda, akaziba mwisho mmoja wa tiyo, akaijaza upepo, akafunga kipimo chenye mshale. Aliwaeleza wote: mshale ukisimama, tiyo ni nzima, mshale ukishuka, kuna tundu, na tundu likifunikwa na zege halitaonekana tena mpaka siku ya kiyama. Hilo alilijua vizuri kuliko mtu yeyote, maana maisha yake yote alisikiliza matairi yakipumua. Walisikiliza kwa heshima, kama walivyolisikiliza lori.

Siku ya kumwaga majirani walikuja, kwa desturi ya mtaa: zege halimwagwi na mtu mmoja. Waridi alipika maharage na wali. Ndoo zilipita mkono kwa mkono, toroli zikatembea juu ya mbao, na uani kukawa na ule utani wa wanaume wanaofanya kazi bure. Tajudini hakubeba ndoo. Alikuwa amechuchumaa kando ya kipimo, macho kwenye mshale, kama mtu anayelinda mgonjwa.

Akilimali alikuwa na mazoea yake. Kila alipomwaga rundo, alichukua nondo, akalichoma-choma zege, tu, tu, tu, ili kutoa hewa isibaki mashimo. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo alivyofanya kila msingi kuanzia Uvira mpaka Gasenyi, na mkono wake haukumuuliza ruhusa. Walimkataza asubuhi. Akasema sawa. Mchana alikuwa anaimba, na mkono ukaenda wenyewe.

Mshale ukaanza kushuka.

"Simameni," alisema Tajudini. "Tiyo imetoboka."

Wakacheka. Mmoja akasema ni kiboko ameuma. Toroli nyingine ikamwagwa.

"Jamani, nasema imetoboka."

"Mze Taju, tusubiri tumalize, halafu utatusimulia vizuri na chai."

Mshale ulikuwa umefika nusu. Tajudini aliwatazama, akaona hakuna neno kinywani mwake ambalo wangelinunua. Yote alikuwa ameshayatumia. Akasimama, akaingia kwenye zege bichi na viatu vyake, akaenda mpaka penye rundo jipya, akakaa. Akakaa chini kabisa, na kanzu, zege likampanda kiunoni.

Utani ukaisha. Mtu mwongo huweza kusema chochote, lakini hakai kwenye saruji kwa ajili ya mzaha. Akilimali akaweka nondo chini polepole. Karibu na goti la mzee zege lilikuwa linatoa mapovu, bwe, bwe, kama uji unaotaka kuchemka.

"Ndo mimi," alisema Akilimali. "Ni ile nondo yangu."

"Chimba tu. Usinililie, zege halitakusubiri umalize kulia ndipo ligande."

Walifukua kwa mikono. Wakapata tundu, Tajudini akakata pale palipochomwa, akaingiza kiungo cha shaba, akakaza vibano mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Wakajaza upepo tena. Wanaume wote, na mikono yao ya kijivu, wakainama kuutazama mshale kama watu wanaotafuta mwezi wa Ramadhani. Ukasimama. Ukaendelea kusimama. Hapo wakarudi kazini, na jioni sakafu ilikuwa imelala, laini na yenye unyevu, na hakuna aliyesema neno juu ya lori.

Lakini zege si chai. Tajudini alijua kwamba ukilipelekea moto kabla halijakomaa litapasuka, na likipasuka hapa litaivuta tiyo pia. Lilihitaji kunywa maji na kupumzika muda mrefu. Alilifunika kwa magunia, akajenga nguzo na paa juu yake, na mvua ikaanza, mvua ya kila alasiri, anga ikishuka mpaka kwenye mabati. Uani kote matope. Ukungu ukaota kwenye kuta. Kidonda cha Waridi hakikufunga. Hakikuuma pia, na hilo Tajudini alilifikiria akiwa peke yake, kisha akaacha kulifikiria.

Waridi ndiye aliyeomba kazi ya kulimwagilia zege. Kila asubuhi alipita juu ya yale magunia baridi na ndoo yake, na ingawa kitambaa cha mguuni kililowa, hakuruka, hakukunja uso, hakuharakisha. Odette, aliyegusa gunia mara moja kwa kidole cha mguu akarudi nyuma akinung'unika, alimtazama mwenzake akitembea pale kama anatembea kwenye mkeka.

"Baba Sumaya, hatuwezi kuwasha hata kidogo?" Waridi aliuliza siku moja ya mvua kubwa. "Moto mdogo tu. Nione."

"Haiwezekani."

"We ulitoa lori Uvira bila injini."

"Lori nililidanganya likakubali. Saruji haikubali."

Alisema hivyo akijaribu kucheka. Ndani alikuwa anahesabu vitu vingine: uso wa mkewe uliopungua, kanga juu ya cherehani, vumbi lililoanza kukaa kwenye mikunjo ya kanga.

Siku ya kuwasha ilifika asubuhi ya mawingu. Nyuma ya karakana kulikuwa na pipa lililojengewa tanuri la matofali, nalo linakula pumba za mpunga ambazo vinu vya kule bondeni huzitupa. Pampu ndogo aliyoitoa kwenye lori bovu, ikivutwa na betri na paneli ya jua, ilisukuma maji kwenye tiyo. Tajudini alisema bismillahi, akawasha. Kwa saa nyingi hapakuwa na kitu. Akilimali alikuja akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, mikono mapajani, kimya kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Wa kwanza kujua alikuwa paka wa Odette. Aliingia, akanusa, akazunguka, akajilaza katikati kabisa ya konokono, akanyoosha miguu yote minne.

"Tazama huyu," alisema Odette. Akavua kandambili, akakanyaga. Akatulia. "Mama yangu. Papa Taju, hii iko kweli."

Akilimali akaweka kiganja chini. Akatikisa kichwa, akakiacha kiganja pale pale kama mtu aliyeshika tumbo la mke mjamzito.

Wakasogeza cherehani juu ya lile jiwe lililozama, wakaondoa kanga. Wakaweka kiti. Waridi akaja, amevaa gauni lake la Idi, akakaa, akashusha miguu, mmoja mtupu na mmoja wenye kitambaa. Wote wakangoja.

"Bado," alisema.

"Ndiyo kwanza inapanda," alisema Tajudini, akaenda kuongeza pumba.

Akarudi. Odette alikuwa amevaa tena kandambili.

"Sasa?"

"Bado baridi, baba Sumaya. Labda kidogo tena."

Akaongeza tena. Pipa likaanza kuimba. Paka akainuka, akatikisa mguu mmoja, akahama kwenda mlangoni. Akilimali akaondoa kiganja akakipulizia, akajifanya anajifuta. Odette alikuwa anainua kandambili moja, anashusha, anainua nyingine.

"Na sasa?"

Waridi alikuwa ameinamisha kichwa, akisikiliza chini, kwa bidii, kama mtu anayesikiliza mtoto anayelia nyumba ya mbali.

"Bado," alisema kwa sauti ndogo.

Tajudini akapiga magoti. Akaweka kiganja kwenye sakafu, akakitoa haraka. Kisha akaukamata mguu wa mkewe, ule usio na kitambaa, akauinua kutoka kwenye zege, akautia kati ya mikono yake miwili.

Mguu ulikuwa wa moto. Ulikuwa wa moto kama kiazi kilichotolewa jivuni. Unyayo umekuwa mwekundu. Alikuwa ameushika mkononi, joto lake linampanda mpaka kwenye viwiko, na mwenye mguu alikuwa anamwambia ni baridi.

Akabaki amepiga magoti. Hakuna aliyesogea. Nje mvua ikaanza, matone mazito ya kwanza juu ya bati. Mtu aliyesimulia maisha yake yote alitafuta kitu cha kusema, na mbele yake hapakuja kiboko wala lori. Alikuja yule binti wa dispansari na kimashine chake, akisema kwa upole yale aliyoyasema.

Waridi alimwona usoni. Alimtazama kidogo tu, halafu akakunja paji la uso, akafumba macho.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kwanza. Ee. Sasa inakuja. Inapanda kwenye kisigino... naisikia. Kweli naisikia, baba Sumaya."

Tajudini alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alijua uongo uliopikwa vizuri na uongo mbichi. Huu ulikuwa mbichi kabisa. Ulikuja upesi mno, ulisemwa mara mbili, na mguu aliousema ulikuwa bado uko hewani, mikononi mwake. Akaelewa pia, pale pale, kwamba Waridi alijua tangu dispansari, tangu kabla ya chepe la kwanza, na kwamba alimwacha ajenge kwa sababu alikuwa ameinuka kwenye kile kiti cha gari.

"Alhamdulillahi," alisema.

Akauweka mguu juu ya paja lake, si chini. Akamwomba Odette maji ya baridi na kitambaa. Kisha akatoka nyuma, akavuta pumba zote nje ya tanuri kwa fimbo, akazitawanya mvuani. Zilifuka moshi mchungu. Alikaa pale mpaka zikazimika zote, na Akilimali, aliyemfuata, alisimama karibu naye bila mwamvuli.

"Papa Taju, kazi ilitoka vizuri," alisema.

"Vizuri sana," alisema Tajudini. "Hata tiyo haikuvuja."

Kesho yake waliteremka dispansari mapema, wakakaa kwenye benchi na wengine. Muuguzi alikuwa yule yule. Tajudini alishika kofia gotini akajibu alichoulizwa.

Cherehani imerudi ukutani, na kanga yake. Tanuri linawashwa kila asubuhi ya mvua, moto mdogo. Odette huleta ndagala zake ambazo jua limezikataa, akazitandaza kwenye kona, na zinakauka vizuri kuliko za mtu yeyote sokoni. Karakana nzima inanuka samaki. Wamama wa jirani wenye migongo inayouma huja na mikeka yao, hulala hapo wakaguna kwa raha. Waridi huketi katikati yao kwenye kiti chake.

Kabla hajateremsha miguu, mumewe huinama kwanza, huweka mgongo wa mkono juu ya zege, na kuusubirisha hapo.

"Leo ikoje?" Waridi humuuliza kwa sauti ya chini.

Siku moja ya mvua Tajudini alifikiri kidogo. Hakuongeza kitu.

"Kama mkate uliotoka sasa hivi. Ukiushika unapenda kuendelea kuushika."

Akamletea chai. Waridi akanywa funda moja, akatulia, akaitazama ndani ya kikombe. Haikuwa na sukari hata punje. Akanywa funda la pili.

Odette akaingia na beseni lake, akijikung'uta mvua kichwani.

"Mama Sumaya, moto wa leo uko aje?"

"Kama mkate, dada," alisema Waridi. "Mkate uliotoka sasa hivi."